Kuku wa Upande wa Pili wa Minyaa

Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, najibu Mwanza, wanaridhika, na mimi nanyamaza. Sina nguvu ya kueleza zaidi. Ningekuwa nayo ningewaambia hivi: toka Nyegezi, fuata barabara ya Kigongo, na kabla hujafika kivukoni utaona njia ya vumbi inakata kulia kwenda ziwani. Ifuate mpaka mwisho. Hapo ndipo ulipokuwa mji wetu. Majengo mengine bado yamesimama, watu ndio hakuna.

Ulikuwa mji mdogo, wala sitaki kuutia chumvi. Wahindi walijenga jineri pale ufukweni kabla ya uhuru ili kuchambua pamba ya Wasukuma, baadaye ushirika ukaichukua, na mji ukaota kuizunguka. Kulikuwa na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari miwili, kanisa, msikiti wa bati, maduka matano au sita, na uwanja ambao mchana watu walichezea mpira na baada ya mavuno walichezea ngoma. Wenyeji walikuwa Wasukuma, ila jineri ilivuta kila mtu: Wakerewe, Wajita, Wajaluo, na sisi Wahaya tuliotoka Kagera na migomba yetu mawazoni. Msimu wa pamba ukifika, nyuzi nyeupe zilituganda kichwani mpaka watoto tukafanana na bibi zetu.

Jineri ilikuwa na king'ora. Kililia alfajiri kuamsha watu, kikalia mchana wa kula, kikalia jioni. Hakuna aliyehitaji saa. Na kikilia katikati ya asubuhi, kirefu, bila kukata, kila mtu alijua kuna msiba. Hapo kazi zote zinasimama. Wanaume wanachukua majembe, wanawake wanabeba kuni, maji na unga, maduka yanafungwa. Hukurudi kwenye shughuli yako mpaka marehemu azikwe. Hiyo ilikuwa sheria ya pale, na ilikuwa na umri mkubwa kuliko jineri yenyewe.

Mwenye kukipiga alikuwa mzee mmoja mlinzi, mrefu, mwenye koti la kijeshi alilovaa hata juani. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo mle mle. Walikuwa marafiki wa kukaa pamoja bila kusema neno, wanavuta sigara wanatazama ziwa. Mama alikuwa anawacheka: "Hawa wawili wakigombana hatutajua."

Halafu zikaja zama za ruksa. Mitumba ruksa, soda ruksa, kila kitu ruksa. Wanunuzi wapya wakaja na malori yao, wanachukua pamba shambani kwa mkulima wanaondoka nayo, na jineri yetu ikakaa kinywa wazi. Msimu mmoja ikachambua nusu, msimu uliofuata haikuwashwa kabisa. King'ora kikanyamaza. Mwanzoni watoto tulifurahi kwa kuwa tulichelewa shule tukapata sababu. Baadaye nikaona hata watu wazima wametahayari, wanatoka nje asubuhi wanatazama jua kama wageni.

Waliokuwa na kwao wakaanza kwenda kwao. Wengine wakafuata sangara visiwani, wengine wakafuata dhahabu upande wa Geita. Baba akasema yeye haendi popote. Alichukua alichopewa kazini akanunua mashine ya kusaga, ya mkono wa pili, yenye kelele ya kutoa pepo. Akaijengea kibanda ubavuni mwa nyumba yetu, mlango ukielekea ziwani ili moshi utoke na upepo. Kumbuka huo mlango. Mimi nimeukumbuka maisha yangu yote.

Siku ya msiba ilikuwa Jumamosi. Watu walikuwa wameacha magunia ya mahindi tangu jana yake, kwa hiyo tulianza kusaga mapema, baba, mama na mimi. Baba alikuwa anaangalia mashine, mama anamimina mahindi, mimi nashika gunia la unga mdomoni mwa mashine. Ile kelele ilikuwa inaumiza, ndiyo maana mama alikuwa anatuziba masikio kwa vibonge vya pamba. Siku ile hakuja mteja hata mmoja kutusumbua, na baba akafurahi, akasema kwa ishara kwamba tutamaliza mapema.

Tulipotoka, jua limeshalegea, weupe kwa unga kuanzia kope mpaka vidole vya miguu, tukakutana na watu wengi barabarani. Wanaume walikuwa na majembe. Udongo mwekundu umewaganda miguuni. Mama akawachangamkia kama kawaida yake, akasema, "Jamani, mbona majembe? Mnatoka kulima kwa nani?"

Walipita. Katikati yao alikuwemo jirani yetu wa ng'ambo ya ua, rafiki wa mama, naye aliziba mdomo kwa upande wa khanga akamtazama mama, machozi yanamtoka.

Mzee wa king'ora alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku ile. Kwa kuwa king'ora hakikuwepo, walituma mtu apite nyumba kwa nyumba. Alipofika kwetu alipiga hodi mbele, akapiga tena, akaendelea zake. Jirani yetu alikuwa amekwenda shambani kwa dada yake, akaletewa habari huko huko, akadhani sisi tumeshafika msibani. Na jeneza lilipobebwa kwenda makaburini lilipita barabarani, nyuma ya migongo yetu, mashine ikinguruma. Mji mzima uliisikia ile mashine. Sisi tulikuwa tunatazama ziwa.

Kesho yake wazee wa mtaa wakaja wanne. Mama aliwatolea viti, wakakaa. Mwenyekiti wao, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akasema, "Marehemu amewapigia king'ora watu wote wa hapa. Nyinyi mmempigia mashine."

"Hatukusikia," baba akasema.

"Mlikuwa mmetia pamba masikioni, tumeambiwa."

"Ndiyo, pamba! Pamba yenyewe! Wewe umewahi kusimama mle ndani?"

Mzee mmoja akacheka kidogo, kisha akajizuia. Wakatoa hukumu yao: ng'ombe mmoja na mchele, tuulishe mtaa wote, yaishe. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu. Hata mwalimu mkuu aliwahi kutozwa faini hiyo, akachinja, watu wakala, wakamchezea ngoma. Haikuwa aibu kubwa. Baba angesema ndiyo, Jumapili ile ile tungekuwa tunacheka na watu.

Baba akasema hapana. "Nikichinja nimekubali kwamba nilimdharau yule mzee. Alikuwa rafiki yangu kuliko nyinyi nyote mliokaa hapa. Sichinji."

Baba yangu, Mungu amrehemu, kujishusha hakukuwamo katika vitu alivyozaliwa navyo. Mama alimshika mkono mbele ya wazee, kitu ambacho hakufanya kamwe, akasema, "Baba watoto, ni ng'ombe tu." Baba akautoa ule mkono taratibu. Wazee wakainuka, wakaondoka bila kuaga. Hapo tukajua tumetengwa.

Kutengwa, kwa asiyejua, si kupigwa wala kutukanwa. Heri ya matusi! Hakuna anayekusalimia, hakuna anayeitikia salamu yako, hakuna anayekupa kaa la moto wala kukukopesha chumvi. Akikusemesha mtu, naye atatozwa. Nilikuwa nampa mzee shikamoo, ananitazama kama anatazama dirisha, anapita. Shuleni afadhali, kwa sababu walimu wengi walikuwa wa kutoka mbali na watoto husahau. Ila tukivuka uwanja kurudi nyumbani, marafiki zangu walinyamaza wote kwa pamoja. Kanisani, wakati wa kupeana amani, mikono ilituruka ikaenda kwa wa nyuma.

Mashine ikanyamaza. Wanawake waliona bora wabebe mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili, na mvua ikiwanyeshea, kuliko kusaga kwetu. Baba alishinda kibandani anaifuta kwa mafuta, akiwa na hasira na kila mtu. Mimi nilikuwa na hasira na baba. Nilimwona mtu mbinafsi, na kusema kweli mpaka leo sijamsamehe kabisa, ingawa namwelewa.

Lakini wa kuumia alikuwa mama. Mama yangu alikuwa mtu wa watu bwana! Ukimtuma chumvi dukani, mtakula mboga isiyo na chumvi, kwa sababu kila hatua ana mtu wa kumuuliza habari za mgonjwa, habari za mjamzito, habari za ng'ombe aliyepotea. Kisukuma chake kilikuwa cha kuchekesha, kimejaa Kihaya, na watu walikuwa wanamchokoza ili wamsikie anavyokipinda. Alipenda kuchokozwa. Sasa akawa anakwenda ziwani kufua wenzake wakishaondoka. Magugu maji yalikuwa yameanza kutanda wakati ule, anayasukuma kwa mguu, anafua peke yake, anarudi. Nikiwa ndani nilimsikia anaongea na sufuria. Siku moja nilimkuta amekaa na kisu na kiazi mkononi, hamenyi. Nikamwita, hakusikia. Nikaogopa. Niliogopa kwamba mama anakwisha nikimwona, na baba yuko nje anafuta vyuma.

Kati ya uwanja wetu na wa jirani kulikuwa na ua wa minyaa, umeota ukasongamana, mtu huoni upande wa pili isipokuwa uchuchumae. Jirani huyu na mama walikuwa wameishi wakipitishiana vitu juu ya ule ua tangu mimi sijazaliwa: kisamvu, dawa ya kikohozi, watoto. Mimi mwenyewe nilipitishwa. Nilimwita mama mdogo. Alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kushtua njiwa, na alikuwa na kuku kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, mbaya wa sura kuliko kuku wote wa mji. Alimpenda hivyo hivyo.

Asubuhi moja mama yuko jikoni nje anachochea moto wenye moshi, tukasikia sauti upande wa pili. "Wewe kuku! Wewe kishingo! Umesikia mwenzio kajifungua? Mke wa fundi baiskeli. Mtoto wa kike. Kilo sijui, lakini mashavu hayo!"

Mama akaacha kuchochea. Sauti ikaendelea, kwa ukali kidogo: "Naongea na wewe kuku. Sijakatazwa kuongea na kuku wangu mimi."

Nikamtazama mama. Uso wake ulikuwa unafanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Kisha akainama, akalisemesha sufuria la uji kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Haya wewe sufuria, Mungu ni mwema. Mama mtu naye anaendeleaje?"

"Kuku, mama mtu ni mzima kabisa. Kashakula na uji."

Lo! Nilicheka nikajiziba mdomo. Mama alikuwa anacheka na kulia pamoja, anafuta macho anasingizia moshi.

Tangu siku hiyo kila asubuhi kuku alipewa habari zote za mji. Nani kaolewa, nani kaondoka, nyumba ipi imefungwa mlango. Kuku aliambiwa bei ya dagaa. Kuku aliulizwa kama uvimbe wa mguu umepungua, na sufuria likajibu bado kidogo. Wakisutana, walimsuta kuku. Wapita njia waliwasikia, mji mdogo ule, utaficha nini? Naamini wazee pia walijua. Hakuna aliyekwenda kumtoza mtu faini kwa kuongea na kuku wake. Mama akarudi kula. Akarudi kuimba. Na baba, ambaye hakuna aliyemletea kuku, aliyasikia yote kutoka kibandani.

Mimi nikawa na wasiwasi mmoja tu. Mume wa jirani alikuwa amekosa kazi tangu jineri ilipofungwa, na kila alipokaa nje na wenzake alizungumzia machimbo. Nikikaa na mama nilimwambia, "Mwambie baba achinje. Mama mdogo akiondoka utaongea na nani?" Mama alijibu, "Baba yako akiambiwa hasikii, akiachwa anasikia. Mwache." Nikamwacha, tukamwacha wote, na siku zikapita.

Habari ililetwa na kuku. Asubuhi ile sauti haikuwa na kicheko. "Kishingo, baba mwenye nyumba kapata sehemu huko Geita. Lori linakuja Alhamisi. Tutavukia Kigongo." Mama alisimama na mwiko mkononi mpaka uji ukamwagika motoni.

Alhamisi lori likaja, na watu waliobaki mjini wakaja kusaidia kupakia, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa desturi. Vitanda, kabati, jembe, mtungi. Wakavua hata bati za jiko. Mwenyekiti wa wazee naye alikuwepo, anashika ncha ya kamba. Mama alisimama upande wetu wa minyaa, khanga imefungwa vizuri, nywele kachana, kama mtu anayekwenda kumsindikiza mwenzake. Asingeweza kuvuka. Angevuka, jirani angetozwa faini siku ya kuondoka kwake.

Lori likawashwa. Jirani yetu akashuka. Alikuwa ameshapanda, akashuka, akaenda uani, akamkamata yule kuku, akasimama naye mbele ya minyaa, mbele ya watu wote. Akaanza kuongea kwa sauti kubwa, na kila mtu akasimama.

"Kuku wangu, mimi nakwenda. Sikujua tutaachana hivi. Umenilelea wanangu, umeniuguza, nimekuzoea kuliko ndugu wa tumbo moja. Nisamehe sikukukumbatia. Sikuwa na ruhusa." Akashindwa kuendelea, akavuta kamasi. "Kula vizuri. Usikae peke yako."

Akamnyanyua akampitisha juu ya ua, na mikono ya mama ikampokea. Nadhani vidole vyao viligusana. Mwenyekiti alikuwa anatazama milima. Mama akamwinamia kuku, akamwambia: "Mwambie aliyekuleta nimesikia yote. Mwambie safari njema."

Lori likaondoka na vumbi lake. Nilipogeuka nilimwona baba kwenye pembe ya kibanda, kitambaa cha mafuta mkononi. Hakuwa anafuta chochote. Jioni ile, tukiwa tunakula, akasema bila kumtazama mtu, "Nitachinja." Mama akasema, "Haya." Hakusema ahsante. Mimi nilitamani kumwaga ugali ule chini, maana angesema neno hilo wiki moja tu kabla, wangekumbatiana.

Tukachinja. Mama alipika ubwabwa wa mtaa mzima, kama ilivyotakiwa, masufuria makubwa tuliyoazima kanisani. Lakini mtaa mzima haukuwepo tena. Wazee walikuja, wajane wakaja, mke wa fundi baiskeli akaja na yule mtoto wa mashavu, ambaye alikuwa anakaa sasa. Nyumba za mstari wa pili karibu zote zilikuwa zimefungwa. Mwanamke mmoja, katika kusaidia, alimkamata kishingo akauliza kisu kiko wapi, mama akapiga ukelele mpaka watu wakasimama. "Huyo hapana!" Mwanamke akamwachia haraka.

Mwenyekiti alikula kwanza, akanawa, akamwendea baba akampa mkono. Baba akaupokea. Kisha mzee akamgeukia mama. "Mama, habari za hapa?" Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa pale kumsalimia tangu ile Jumamosi. Wote tukamtazama mama. Tulifikiri ataanza kuongea na hatanyamaza mpaka Krismasi.

"Nzuri, mzee," akasema. Akaendelea kupakua.

Watu wakaagana nasi mmoja mmoja, kwa mikono miwili, wakaondoka jua likiwa bado juu ya ziwa. Nilimtafuta mama ndani, hayumo. Nilimkuta nyuma, kwenye minyaa, amekaa juu ya kigoda, kishingo yuko miguuni pake anadonoa punje za wali.

"Basi kuku," alikuwa anasema, "mwenyekiti kala sahani mbili, na yule aliyesema hali mafuta kafuta kidole kwenye sufuria. Baba mwenye nyumba kalia, wewe! Kidogo tu, lakini nimemwona." Akainua uso kidogo kuelekea minyaa. Akangoja, kwa muda ule ule ambao mwenzake angetumia kujibu. Kisha akaendelea. "Na mtoto anakaa sasa." Akangoja tena.

Sikuweza kuvumilia. Nikazunguka kwa barabarani, nikaingia uwanja wa jirani, jiko halina bati, majani yameshaanza kuota mlangoni. Nikachuchumaa nyuma ya minyaa, nikakaza sauti niifanye nene, nikasema, "Eh kuku! Halafu ikawaje?"

Nilimsikia kuku anapekua, na maji ya ziwa kwa mbali. Nikafikiri hakunisikia, nikavuta pumzi niseme tena.

"Si wewe, mwanangu," mama akasema. "Toka huko, kuna nyoka. Njoo ule, ubwabwa umebaki mwingi."